Harusi ya ufukweni Unguja: tathmini ya jedwali la maji, utabiri wa hewa na maturubai

Kamati ya harusi ikikaa kupanga sherehe ya ufukweni, swali la kwanza huwa ni mvua: je, itanyesha siku hiyo? Ni swali la haki, lakini ndilo lenye majibu dhaifu kuliko yote. Maji ya bahari yanajulikana mwaka mzima kabla. Upepo unajulikana siku tatu nne kabla. Mvua ya saa 10 jioni pale Bwejuu haijulikani mpaka siku yenyewe, na mara nyingine mpaka saa yenyewe. Pesa na wasiwasi wa watu lakini huenda kinyume: mvua inajadiliwa kila kikao, upepo unatajwa kwa kupita, na jedwali la maji halifunguliwi kabisa, mpaka siku ya siku mawimbi yanapolamba miguu ya viti vya mstari wa mbele.

Hapa tunapima vitu vinavyotumika kweli kupanga harusi ya nje Unguja: jedwali la maji, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), tovuti za utabiri Windy na Windguru, programu ya hewa iliyomo ndani ya simu, na maturubai ya kukodi. Mengi yanafaa pia Diani, Kilifi na Bagamoyo, kwa kuwa pepo ni zilezile na bahari hujaa kwa saa zinazokaribiana.

Msimu kwanza

Unguja hupata mvua takriban milimita 1,600 kwa mwaka. Sehemu kubwa hushuka wakati wa Masika, Machi hadi Mei, na Vuli hufuata Oktoba hadi Desemba, Novemba ikiwa ndiyo kali. Vinabaki vipindi viwili vya ukavu: Januari na Februari chini ya kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, na Juni mpaka Septemba chini ya kusi, upepo wa kusini mashariki. Kila kimoja kina gharama yake. Kaskazi huja na joto la nyuzi 32 au 33 na unyevu unaomfanya bwana harusi mwenye suti ya vipande vitatu aloe jasho kabla ya kusomewa ahadi. Kusi huja na hewa nzuri ya kupumua, ila upepo wake unapiga pwani ya mashariki uso kwa uso; si bure Paje hujaa wachezaji wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, miezi hiyo.

Ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis hupata likizo Agosti au Desemba, basi tarehe nyingi huangukia katikati ya kusi au kwenye mkia wa vuli. Harusi ya Agosti ipelekeni Kendwa, au upande wa magharibi wa Nungwi, au Mji Mkongwe, ambako kisiwa chenyewe kinakinga kusi. Harusi ya Desemba iwe nusu ya pili ya mwezi, na turubai la mvua lihesabiwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, si kama nyongeza.

Kuna jambo lingine la kalenda ambalo wageni husahau. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Wiki zile bora za kaskazi zinaangukia humo, na Zanzibar si mahali pa kupiga muziki na kugawa chakula ufukweni mchana wa Ramadhani. Kusogeza harusi mpaka baada ya Idi mwaka 2027 ni kuisogeza mpaka katikati ya Machi, mlangoni mwa Masika. Anayetaka kaskazi kwa miaka hii miwili achukue Januari, tena mapema.

Jedwali la maji: 9 kati ya 10

Hii ndiyo zana bora kuliko zote kwenye tathmini hii, na ni ya bure. Majedwali ya bandari za Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa yanapatikana mwaka mzima kabla, na tofauti ya saa kati yao ni dakika chache tu. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, kwa mwachano wa saa 12 na dakika 25 hivi, na kila siku huchelewa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hushuka mpaka karibu mita 1.

Jambo la kujua ni hili: kwenye pwani yetu bamvua hujaa saa ileile ya harusi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hufika juu kabisa kati ya saa 10 na saa 11 jioni, na siku moja au mbili zinazofuata ndiyo hupanda zaidi. Ufukwe wa Kiwengwa uliouona asubuhi una upana wa uwanja wa mpira unabaki ukanda mwembamba chini ya minazi. Upande wa pili, mwezi ukiwa nusu, maji hupwa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Kule Jambiani au Matemwe maana yake ni kwamba bahari ya bluu iliyoko kwenye kadi ya mwaliko itakuwa imekwenda mbali, na mpiga picha atabaki na tope, mawe na vigingi vya mashamba ya mwani. Kendwa na Nungwi maji hayaendi mbali hivyo, kwa sababu ufukwe unashuka kwa haraka.

Siku nzuri ni zile ambazo maji yanajaa kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Ikifika saa 10 na nusu bahari imeanza kurudi, bado iko karibu, na imeacha mchanga wenye unyevu, mgumu wa kukanyagika kwa viatu, usiopeperuka. Siku hizo hutokea siku 2 hadi 4 kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama. Kwa kalenda ya Kiislamu ni karibu na tarehe 11, 12 na 13 za mwezi, au 26 hadi 28. Zile za mwanzo zina faida ya ziada: jua likizama, mwezi tayari uko juu na unabaki mpaka baada ya saa 8 usiku. Karamu inapata mwanga ambao hakuna jenereta inayoutoa.

Urefu wa maji ulioandikwa kwenye jedwali, mathalani mita 3.7, haukuambii mstari utafika wapi kwenye ufukwe wako. Kuna njia rahisi ya kujua. Nenda eneo la harusi siku mbili kabla, wakati wa kujaa, ukite kijiti pale wimbi la mwisho linapoishia. Soma urefu wa siku ile na urefu wa siku ya harusi. Ufukwe ukipanda mita 1 kwa kila mita 10, maji yakizidi kwa sentimita 20 yatakwenda mita 2 zaidi ya kijiti. Ongeza mita 3 za usalama, hapo ndipo mstari wa kwanza wa viti uanzie. Usiutegemee mstari wa mwani mkavu ulioko juu. Huo unaweza kuwa wa bamvua iliyopita.

Tunapunguza alama moja kwa sababu jedwali linahesabu mwezi na jua tu. Upepo unaovuma kuelekea pwani husukuma maji juu, na mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1 bahari hupanda karibu sentimita 1. Angalia pia saa: baadhi ya majedwali ya mtandaoni yako kwa saa za kimataifa, na lazima uongeze saa 3. Na kwenye mkataba andikeni "16:00, yaani saa 10 jioni", kwa sababu mpambaji anayefika saa 10 ya Kizungu, asubuhi, atapamba mchanga ulio wazi asijue kwamba jioni utakuwa chini ya maji.

Windy na Windguru: 8 kwa upepo, 4 kwa mvua

Nguvu ya Windy ni kuweka mifano kadhaa ya utabiri pamoja: ECMWF ya Ulaya, GFS ya Marekani, ICON ya Ujerumani. Bonyeza mahali, fungua ulinganisho, uangalie kama mistari ya upepo inakwenda pamoja. Ikikubaliana siku 3 kabla, chukulia upepo umeshajulikana. Ikiachana kwa zaidi ya kilomita 10 kwa saa, subiri. Windguru ni ya kikavu zaidi, jedwali tupu la tarakimu, lakini ndiyo wanayoisoma wachezaji wa kaiti wa Paje, na kwa upepo wa mahali inatosha kabisa. Mara nyingi inaonyesha kasi kwa noti, kipimo cha mabaharia. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Mtu akisoma 18 akidhani ni kilomita, amejidanganya karibu nusu nzima.

Soma mivumo ya ghafla, si wastani tu. Turubai halibebwi na wastani. Na usibonyeze kijijini. Mfano wa ECMWF una miraba ya kilomita 9, na Unguja haizidi kilomita 40 kwa upana, kwa hiyo upana wote wa kisiwa ni miraba minne hivi, na ile ya pembeni imechanganya nchi kavu na bahari. Kwa ufukwe unaotazama upepo, bonyeza baharini, kilomita 2 au 3 kutoka pwani, ndipo utapata upepo utakaowafika wageni. Upepo wa pwani huongezeka mchana nchi kavu inapopata moto, hufika kilele kati ya saa 8 na saa 11, kisha hupungua jua likizama. Sherehe ya kuapishana ndiyo inayokutana na upepo mbaya. Chakula cha usiku mara nyingi hupona.

Kwa kutumia kasi hizo:

Chini ya kilomita 20 kwa saa, endeleeni kama mlivyopanga. Kati ya 20 na 28, mchanga mkavu unaanza kuruka, mishumaa haiwaki, shela linahitaji vizito vidogo kwenye pindo, na kipaza sauti cha kifuani kinahitaji sponji ya manyoya, la sivyo video itakuwa na mngurumo tu. Kati ya 29 na 38, hamisheni ibada au kiapo nyuma ya jengo au nyuma ya mikadi na minazi, na muondoe lile tao la maua lisilo na msingi, maana ndilo huanguka la kwanza. Kuanzia 40 hakuna harusi ufukweni.

Kwenye mvua mambo ni tofauti. Wingu la mvua ya Vuli linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Paje ikanyesha na Jambiani vumbi likatimka. Mfano wenye miraba ya kilomita 9 hauwezi kukuambia wingu litakaa wapi. Tarakimu ya "milimita 2.4 saa 10 jioni" isomwe kama "kuna mvua za kupita maeneo haya mchana", si zaidi. Hesabu mpya za ECMWF huingia kwa saa zetu karibu saa 4 asubuhi na tena karibu saa 4 usiku, na hizo ndizo nyakati za kutazama. Siku ya harusi yenyewe, achaneni na utabiri, fungueni picha za setilaiti ndani ya Windy, zinazobadilika kila dakika 10 au 15, muone mawingu yanatoka wapi na yanakwenda upande gani. Zinawapa nusu saa mpaka saa nzima ya kujiandaa, na kwa mvua ya kupita hiyo inatosha.

TMA: 8 kati ya 10

TMA haikuambii hali ya ufukwe wako. Inazungumzia visiwa vya Unguja na Pemba kwa ujumla wake. Msemo wake "mvua katika maeneo machache" unaeleza eneo litakalonyeshewa, hauelezi ukali wala saa. Lakini ina mambo mawili ambayo programu za nje hazina.

La kwanza ni tahadhari. TMA hutoa mwelekeo wa hali mbaya ya hewa kwa siku 5, kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Vigezo vyake viko wazi: mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2. Hiki ndicho kipimo cha kuandika kwenye mikataba, kwa sababu ni cha chombo cha serikali na hakuna upande unaoweza kukibishia. Mkataba unaosema "hali ya hewa ikiwa mbaya" hauna maana yoyote. Unaosema "TMA ikitoa tahadhari ya rangi ya chungwa ya upepo kwa Unguja ndani ya saa 48 kabla ya tukio" una maana.

La pili ni utabiri wa msimu, unaotoka kabla ya Vuli na kabla ya Masika. Hauchagui siku, ila unaeleza kama msimu utakuwa chini ya wastani, wa wastani au juu ya wastani. Vuli za 2019 na 2023 zilileta mvua nyingi kupita kiasi Afrika Mashariki, bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko kawaida, na mwaka 2023 El Niño ikiongezea. Utabiri wa msimu ukisema juu ya wastani, harusi ya Novemba na ya mapema Desemba ihamie ukumbini au chini ya paa la makuti, pesa za turubai ziende huko.

Programu ya simu: 3 kati ya 10

Picha moja ya wingu na radi kwa siku nzima haisaidii. Novemba itakuonyesha radi kila siku kwa siku kumi, na utapoteza usingizi kwa mvua ya dakika 15 iliyonyesha alfajiri. Asilimia 60 ya mvua haina maana kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 60 ya siku. Itumieni kujua saa ya jua kuzama, basi. Unguja jua huzama kati ya 18:12 na 18:48 kutegemea mwezi, Februari ikiwa na jioni ndefu na Mei fupi, na giza huingia ndani ya dakika 20 hivi. Pwani ya mashariki jua linapotea nyuma ya minazi mapema zaidi, kwa hiyo kiapo cha Paje kianze saa 10, cha Kendwa saa 11. Kendwa ina tatizo lake: wageni wakiketi kutazama bahari wanatazama jua. Desemba jua linazama kusini ya magharibi kwa zaidi ya nyuzi 20, Juni linazama kaskazini ya magharibi kwa kiasi hichohicho. Geuzeni mistari ya viti ili iukwepe upande huo.

Maturubai

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo watu huumia.

Turubai la vyuma la kawaida, lile la misiba na vikao, lenye mabomba na paa jepesi, ni la kivuli tu. Ufukweni miguu yake inazama. Kila mguu uwekewe kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30. Kwa mvua ya kweli au upepo wa kusi halifai, hata likiwa limepambwa kwa vitambaa vya hariri.

Turubai la mraba lenye kilele, mita 5 kwa 5, lina mteremko mzuri wa kumwaga maji na ndilo tunalolipendekeza kwa wageni wasiozidi hamsini. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Yakipangwa manne bega kwa bega, mapaa mawili yanamwaga maji sehemu moja, na kama hakuna mfereji wa turubai uliofungwa kati yao kwa mwinamo kuelekea upande mmoja, maji yote yanashuka kwa mstari ulionyooka katikati ya ukumbi. Wapambaji hupenda kuweka meza kuu katikati. Simama chini ya ungio mchana kweupe utazame juu: ukiona mwanga, utaona maji. Mwagieni ndoo mbili juu ya ungio siku moja kabla, mbele ya mwenye turubai, kabla vitambaa havijafungwa.

Turubai la fremu, mita 10 kwa 15 au 10 kwa 20, ni la karamu. Wageni 100 kwenye meza za duara za mita 1.5, watu 8 kila meza, wanahitaji karibu mita za mraba 150. Jukwaa, muziki na meza za chakula vinataka 40 mpaka 50 zaidi. Kwa hiyo ni 10 kwa 20, si 10 kwa 15, hata mkodishaji akisema watabanana.

Turubai la kitambaa kinachovutika, la rangi ya mchanga, ndilo zuri kwa macho, na kwenye upepo linashushwa ukingo upande mmoja na kufunguliwa mwingine. Kasoro ni kwamba mafundi wengi hulitandaza bapa ili lipendeze kwenye picha. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bonde la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 10 limebeba lita 400, sawa na kilo 400 juu ya vichwa vya watu. Dai mteremko unaoonekana kwa jicho kutoka kila nguzo ya ndani mpaka ukingoni, na nafasi ya mita 2 au 3 kuzunguka kwa ajili ya kamba, ambazo zifungwe vitambaa vyeupe ili watoto wasijikwae gizani.

Kisha nanga. Vigingi vya nondo vya sentimita 50 vinavyotosha kwenye udongo wa Bububu havishiki mchanga mkavu. Unavichomoa kwa mkono mmoja. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unasukuma karibu kilo 7.7 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mita 15 kwa 2.5 unapokea karibu kilo 290. Upepo ukifika 60, ukuta huohuo unapokea karibu kilo 650, kwa sababu kasi ikizidi mara moja na nusu nguvu huzidi zaidi ya mara mbili. Pipa la lita 200 lililojaa maji lina kilo 200, lakini likivutwa kwa ubavu juu ya mchanga huteleza kwa karibu nusu ya uzito wake. Wapangaji wanaofunga madumu mawili ya lita 20 kwenye kila mguu wamefunga kilo 40, yaani karibu hakuna kitu.

Kinachoshika mchangani ni nanga ya kuzikwa. Chimba handaki la urefu wa mita 1, upana nusu mita, kina mita 1, likate njia ya kamba kwa pembe mraba. Laza ndani kiroba kilichojaa mchanga au gogo la mkoko mkavu, funga kamba au mkanda wa kukazia mizigo katikati yake, fukia, shindilia kwa miguu. Mchanga ulioko juu yake peke yake una karibu kilo 800. Nanga moja kwa kila nguzo ya pembeni, na zote ziwe juu ya mstari wa bamvua, kwa sababu maji yakipanda chini ya mchanga huulegeza. Kazi hii kwa turubai la 10 kwa 20 inataka watu 8 na siku nzima, na mkodishaji asiyeitaja kwenye bei yake hajaipanga. Upepo ukizidi 30, toeni kuta za upande unaotoka upepo na za upande wa pili; turubai lililofungwa pande tatu hunyanyuka.

Umeme: viungio vya ekstensheni viwe juu ya matofali, si mchangani, na ubao wa jenereta uwe na kikata umeme cha miliampia 30. Msipokiona kwa macho, msiwashe.

Baada ya yote haya, hukumu yetu ni kwamba hoteli au nyumba ya wageni yenye banda la makuti la kutosha wageni wote inashinda turubai lolote, hata kama bei ya ukumbi ni kubwa zaidi. Paa la makuti liwe na mwinuko wa nyuzi 45 hivi. Bapa zaidi ya hapo linavuja. Ingia saa 6 mchana, tazama juu, hesabu vitone vya mwanga. Na ulizeni ni nani mwingine ameahidiwa banda hilohilo siku hiyo, maana mvua ikinyesha wageni wa hoteli nao watakimbilia humo.

Saa ya uamuzi

Uamuzi wa upepo ufanyike siku mbili kabla, saa 4 usiku, hesabu mpya zikishaingia: ufukweni, nyuma ya kinga, au bandani. Mtu mmoja aamue, na jina lake liwe kwenye mikataba yote, ili mpambaji, mpishi na fundi wa muziki wasipokee amri tatu. Uamuzi wa mvua hauna saa: kuanzia Oktoba mpaka Desemba na Machi mpaka Mei turubai lisimame tangu jana yake, kwa kuwa hakuna anayelisimamisha chini ya mvua. Mkodishaji akikataa kurudisha sehemu ya malipo harusi ikihamia bandani, jadilianeni ada ya kushikilia, ambayo ni ndogo kuliko ya kusimamisha.

Keki ya krimu ya siagi isitoke kwenye ubaridi zaidi ya nusu saa kabla ya kukatwa wakati wa kaskazi. Ya fondanti huvumilia zaidi. Vikuba vya asumini vifungwe alasiri, vifunikwe kitambaa kibichi kivulini, vigawiwe jua likiwa limelegea. Na chochote kinachovuka kutoka Dar es Salaam, keki, maua, spika, kivuke siku mbili kabla. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Zanzibar zilisimamishwa, na hata bila kimbunga, kusi ikichafuka safari huahirishwa asubuhi yenyewe.